Nataka gari iungurume, sio ipige kelele: nianze na nini kwenye ekzosi?

SWALI: Habari fundi. Nina sedani ya silinda nne, 1800cc, petroli, haina tabo, gia otomatiki. Mlio wake umepoa mno, nataka uwe mzito kidogo, ule wa kuunguruma, sio wa kuamsha mtaa mzima. Fundi wa kwanza kaniambia tukate sailensa ya nyuma tuweke bomba tupu. Wa pili anasema tutoe masega (katalisti, ile inayosafisha moshi), tena hela ya kazi hataki. Wa tatu anasema nikigusa chochote bakpresha (presha ya moshi inayorudi kuisukuma injini) itapungua na gari itakosa nguvu. Nasafiri sana safari ndefu na mtoto wangu anakaa siti ya nyuma. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama mkuu. Hao watatu wote sikushauri uwafuate kama walivyosema, ingawa huyo wa tatu ana kaukweli ndani ya maneno yake, ntakuja huko. Ungekuwa mteja wangu ningekwambia badilisha sailensa ya nyuma tu, weka ile ya kupitisha moja kwa moja yenye tumbo refu, rezoneta (kile kitumbo kidogo) ya katikati iache, masega yaache, na hela itakayobaki iweke pembeni kwa ajili ya kuua mvumo. Narudia, mvumo. Watu wanaokuja kurudisha ekzosi zao za zamani wengi wao hawarudishi kwasababu gari inapiga kelele sana, wanarudisha kwasababu kuna "uuuuuuu" moja inaingia kichwani ukiwa mwendo wa safari na haiishi mpaka ufike.

Tuanze na mlio wenyewe unatoka wapi maana ukishaelewa hapo mengine yanakuja yenyewe. Injini ya hatua nne (four-stroke wanavyosema, ila achana na jina) kila silinda inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki (mhimili mkuu wa injini), kwahiyo silinda nne zinatoa mapigo mawili kwa mzunguko mmoja. Ukiwa RPM 2400 (mizunguko ya injini kwa dakika) hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde, mapigo 80 kwa sekunde, yaani mlio wako mkuu uko hezi 80. Silinda sita kwenye RPM hiyo hiyo inatoa 120, silinda nane 160. Hiyo ni hesabu, hakuna sailensa duniani inayoibadilisha, kwahiyo ukiona mtu anakuuzia sailensa eti itafanya silinda nne ilie kama V8 (ile ya silinda nane) mwache aendelee na safari yake. Ile V8 ya Kimarekani inayobwabwaja inalia vile kwasababu mapigo ya kila upande hayapishani kwa usawa, na Subaru za zamani za injini ya EJ zilikuwa zinaguruma vile kwasababu mabomba ya menifodi (yale yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) hayalingani urefu, mapigo yanafika kwenye makutano kwa kuchelewana. Subaru wenyewe walipoweka menifodi ya mabomba yanayolingana ule muungurumo ukapotea. Yako ni silinda nne za mstari na mapigo yake yanakuja kwa usawa kabisa, kwahiyo unachoweza kuchagua ni sehemu gani ya mlio ipite na sehemu gani ibaki ndani. Na hiyo inatosha kabisa kukupa kitu kizuri, usikate tamaa.

Sasa chungulia chini ya gari. Kutoka mbele kuna menifodi, halafu masega (katalisti), hapo kuna sensa ya oksijeni moja kabla na moja baada, kuna fleksi ile ya kusuka inayomeza mtikisiko wa injini, halafu bomba refu, katikati kuna kitumbo kidogo ndo rezoneta, mwisho kabisa nyuma kuna sailensa kubwa na ncha ya kutolea moshi. Kila kimoja kina kazi yake kwenye sauti. Sailensa ya kiwandani ndani ina vyumba na vibomba vinavyorudisha mawimbi ya sauti yakutane na mengine yanayokuja yauane, na hiyo ndo inayonyamazisha sauti nzito za chini. Sailensa ya kupitisha moja kwa moja haina vyumba, ni bomba lenye matundu madogo madogo limezungushiwa pamba ya vioo au ya stenlesi, moshi unapita bila kukata kona na pamba inameza sauti. Ila pamba inameza vizuri zile sauti kali za juu, za chini zinaiponyoka. Kwahiyo ukiiweka unapata uzito, ndo unachotaka, na hapo hapo umefungua mlango wa mvumo. Tumbo likiwa refu na nene linameza zaidi na kushuka chini zaidi, ndo maana nasema refu. Zile fupi za kama sentimita 30 kwenye gari ya silinda nne isiyo na tabo ni za kupiga picha tu.

Rezoneta watu wanaidharau kwasababu ni ndogo, wanasema "itoe hiyo haina kazi". Kazi yake ni kukata ule mkwaruzo wa juu, ile sauti ya bati inayotokea ukikanyaga mafuta kuanzia RPM 3500 huko kwenda mbele. Toa rezoneta kwenye silinda nne na utapata sauti ya nyuki aliyekasirika, na hiyo haina dawa ya bei rahisi zaidi ya kuirudisha rezoneta. Zile gari unazozisikia barabarani ukasema "hii imeharibiwa" mara nyingi ni hapo, rezoneta haipo na nyuma kuna bomba tupu.

Ndo tumefika kwa fundi wa kwanza. Bomba tupu nyuma ni rahisi, ni kazi ya nusu saa, na ukiwa umesimama sheli unakanyaga kidogo inasikika vizuri kweli, hapo ndo watu wanapoingia mkenge. Gari ikiwa imesimama injini haina mzigo, moshi unaotoka ni kidogo na mapigo ni dhaifu, haikuambii chochote kuhusu itakavyokuwa ukiwa unapanda mlima na gia ya juu. Na video za simu ndo kabisa zisikudanganye, maiki ya simu inajipunguza yenyewe sauti ikiwa kubwa na sauti za chini inazipata kwa shida, kwahiyo ekzosi yenye mvumo wa kuumiza kichwa na ekzosi safi kwenye video zinaweza kulia sawa tu. Kama unataka kusikia, tafuta mwenye gari kama yako iliyofungwa tayari, ukae ndani, siti ya nyuma, mwende mwendo wa safari dakika kumi. Hapo hautahitaji maelezo ya mtu.

Kwanini siti ya nyuma? Hapa ndo pa kuzingatia kwasababu ya mtoto. Ndani ya gari ni chumba, na kila chumba kina sauti yake inayopenda kuitikia, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ikalia noti ile ile kila ukipuliza. Sedani ya kawaida urefu wa ndani kutoka kwenye kioo cha mbele mpaka cha nyuma ni kama mita mbili na kidogo hadi mbili na nusu, sauti inakimbia mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi 20, ukipiga hesabu chumba hicho kinaitikia kwenye hezi 70 hadi 85 hivi. Sasa rudi juu kaangalie RPM 2400 ilitupa hezi ngapi. 80! Yaani otomatiki yako ikiwa mwendo wa safari, injini inapiga noti ile ile ambayo chumba cha gari kinaipenda, na presha ya hiyo sauti inakuwa kubwa kwenye ncha mbili za chumba, mbele na nyuma, katikati inapungua. Mtoto anakaa kwenye ncha ya nyuma, tena juu ya sailensa. Wewe dereva unaweza kusema "mbona iko sawa tu" kumbe nyuma huko hakukaliki.

Kwahiyo kabla hujagusa kitu fanya hivi, haina gharama: toka barabara iliyonyooka, gari ikishaingia gia ya mwisho na kutulia, angalia geji ya RPM inasoma ngapi ukiwa kilomita 80, 100 na 110 kwa saa. Andika. Gawanya kwa 30, hiyo ndo hezi kwa silinda nne. Kama mwendo wako wa safari unaangukia kati ya 70 na 85 basi jua mvumo unakusubiri na bajeti ya kuuzuia iwepo tangu mwanzo.

Unauzuiaje? Njia ninayoipenda ni bomba la pembeni lililozibwa mwisho, watu wanaliita bomba la J kwasababu mara nyingi linakunjwa ili lienee chini ya gari. Halipitishi moshi. Limetoboka tu kwenye bomba kuu, sauti inaingia, inagonga ukuta wa mwisho, inarudi ikiwa imechelewa nusu wimbi na inakuta sauti mpya inakuja wanauana. Urefu wake ni mwendo wa sauti gawanya kwa mara nne ya hezi unayotaka kuua. Moshi ni wa moto na sauti kwenye moto inakimbia zaidi, huku nyuma ya gari ukiwa safarini tuseme mita 450 kwa sekunde, kwahiyo kwa hezi 80 ni 450 gawanya kwa 320, mita 1.4. Ndio ni refu, usishangae, ndo maana kiwandani hawapendi. Ila ule moshi uliolala ndani ya bomba lililozibwa unapoa maana hautembei, na ukipoa mwendo wa sauti unashuka, urefu sahihi unaweza kuishia 1.25 hivi. Kwahiyo fundi asichomelee mwisho siku ya kwanza. Akate la mita 1.4, mwisho aweke kifuniko cha kubana kwa klampu, mwende mkajaribu, kama mvumo umeshuka ukahamia RPM ya juu kidogo ya ile mliyoitaka basi bomba bado ni refu, mkate sentimita tano, mjaribu tena. Mkishapata ndo anachomelea. Unene uwe sawa na bomba kuu au karibu yake, na lifungwe kabla ya sailensa ya nyuma, lisifungwe karibu na ncha ya kutokea kwasababu pale mwishoni presha ya sauti ni ndogo na halitafanya kitu. Linaua kwenye kipande kidogo tu cha RPM, kama mia mbili tatu hivi, na hicho kipande ndo unakaa nacho masaa matatu ya safari kwahiyo inatosha.

Kuna wanaofunga vavu, ile sailensa yenye mlango unafungua na kufunga kwa kitufe. Ni nzuri kama mfuko unaruhusu, ukiwa safarini unafunga, ila zile za bei ya chini mlango unaganda kwa masizi baada ya muda na unabaki wazi, halafu uko pale pale kwenye bomba tupu.

Sasa fundi wa pili na masega yake. Mkuu, mtu anayekutolea masega bure hakufanyii hisani, mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ni madini ya thamani na yana wanunuzi. Kwenye sauti masega yanalainisha, ukiyatoa unaongeza ule ule mkwaruzo nilioukataa kwenye rezoneta, sio uzito. Harufu ya moshi inaanza kuingia ukisimama kwenye foleni, sensa ya pili inaona hakuna kinachosafishwa inawasha taa ya injini, mara nyingi na namba ya hitilafu P0420, na huyo huyo fundi atakwambia tuidanganye sensa. Nchi nyingi kuyatoa ni kosa kisheria. Kama masega yako yameziba kweli, gari inavuta vizuri chini halafu juu inakuwa kama imeshikwa, hiyo ni habari nyingine, pima presha kwenye tundu la sensa ya kwanza, kwenye RPM 2500 ikizidi kama psi 3 basi kuna kuziba, na dawa ni kuweka mengine. Na mjue kilichoyaua, kwa kawaida ni plagi au koili zinazokosa moto, petroli inakwenda kuungulia mle ndani na kuyayeyusha.

Wa tatu na bakpresha. Injini haihitaji bakpresha, hakuna injini inayofurahia kusukuma moshi kwa nguvu. Inachohitaji ni moshi utembee kwa kasi, kwasababu moshi unaotembea kwa kasi unaacha mvuto nyuma yake na huo mvuto unasaidia kutoa moshi wa silinda inayofuata. Ukiweka bomba nene kupita kiasi moshi unalegea, mvuto unapungua, gari inakuwa nzito kuondoka. Fundi aliona gari imekosa nguvu baada ya kufunguliwa ekzosi, akasema ni bakpresha, alichokiona ni kweli ila sababu ndo sio hiyo. Kwa 1800cc isiyo na tabo bomba la inchi 2 ni sawa kabisa, inchi 2 na robo ndo mwisho, usikubali inchi 3 hata kama ndo iliyopo dukani. Na nguvu usitegemee kuongezeka, ukibadilisha sailensa ya nyuma peke yake hata kama kuna nguvu za farasi mbili hautazihisi mguuni. Unanunua sauti.

Kwenye kufunga kwenyewe sina mengi ila haya usiyaache. Betri itolewe waya kabla ya kuchomelea na klampu ya athi ya mashine ifungwe karibu na panapochomelewa, umeme usije ukazunguka kwenye kompyuta ya gari. Kona zikunjwe kwa mashine inayoshikilia bomba kwa ndani, sio zile zinazolibonyea kama limekanyagwa, pale palipobonyea ndo unene halisi wa bomba lako zima. Raba za kuning'inizia ziwe mpya, na bomba liwe na nafasi kuzunguka, likipoa halitagusa kitu ila likipata moto linarefuka na linaanza kugonga bodi, ukasikia "tatatata" ukasema sailensa mbovu. Liwe mbali na bomba la mafuta na la breki, na zile bati za kuzuia moto zirudishwe zote hata ile iliyolegea ambayo fundi anataka kuitupa.

Ncha itokeze nje ya bampa kidogo. Wengine wanaificha ndani kwa urembo, au wanaitoa pembeni chini ya mlango wa nyuma. Gari ikitembea nyuma yake kuna hewa inayorudi kuligusa buti, inabeba moshi, na kama raba ya buti imechoka moshi unaingia ndani. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na siti ya nyuma ndo inayopata kwanza. Angalia raba ya buti siku hiyo hiyo unayofunga ekzosi, na vile vizibo vya raba kwenye sakafu ya buti usiache hata kimoja kimepotea.

Kuhusu sheria ya kelele, kila nchi ina kiwango chake, kaulizie cha kwako. Kipimo cha gari ikiwa imesimama chini ya kanuni ya kimataifa ya upimaji, ISO 5130, maiki inawekwa nusu mita kutoka kwenye ncha, pembe ya nyuzi 45, kwahiyo hata wewe unaweza kupima kwa mashine ndogo ya desibeli upate picha kabla hujaenda ukaguzi. Usipime ikiwa mpya ukasema imepita kwa desibeli moja umeshinda. Pamba ya vioo inaungua na kupeperuka kidogo kidogo, sailensa inazidi kufunguka kadri siku zinavyokwenda. Na desibeli hazihesabiki kama kilo, kuongeza 3 tu ni nguvu ya sauti mara mbili, kuongeza 10 masikio ya majirani yanasikia kama imezidi maradufu. Acha nafasi.

Zile za kupasua, "pa pa pa" ukiachia mafuta, hujaziuliza nashukuru. Zinatengenezwa kwa kuchezea kompyuta ya injini, petroli inakwenda kuwakia kwenye ekzosi, na wa kwanza kufa ni masega.

Kitu kimoja wengi hawakijui, sehemu kubwa ya ule mlio mtamu unaousikia ukiwa dereva unatoka mbele, kwenye uvutaji wa hewa, sio nyuma. Kabla ya kukata chochote fungua boksi la filta uangalie kama filta ni safi na hakuna bomba lililopasuka, na kagua ekzosi uliyonayo injini ikiwa ya baridi, kila maungio ya flenji, ukiona mstari mweusi wa masizi umetoka pembeni ya gasketi hapo panavuja. Panapovuja kabla ya sensa ya kwanza hewa inaingia, sensa inadhani mchanganyiko hauna petroli ya kutosha, kompyuta inaongeza, unaanza kunywa mafuta. Ziba kwanza ndo ujue mlio halisi wa gari yako ni upi.

Ukishafunga, tembea kilomita mia tatu hivi, halafu ikiwa ya baridi rudi kaza bolti zote za flenji maana zinalegea kwa kupata moto na kupoa, na angalia tena masizi. Zile namba za RPM za 80, 100 na 110 niandikie hapa pamoja na nafasi iliyopo chini kati ya rezoneta na sailensa ni sentimita ngapi, ntakwambia kama bomba la J litaenea bila kukunjwa mara mbili.